Kofia ya Mwape na Chui wa Njia ya Kasenga

Tangu turudi, siwezi kwenda kununua makaa hapa Katuba bila mtu kunishika mkono. "Prof, ni kweli Mwape alinyang'anywa?" Mwingine amesikia tulifungwa. Mwingine, na huyu ni mtu wa kundi letu la baiskeli la Jumapili kabisa, anaapa kwamba Mwape ameoa mke wa pili njiani na kuacha kofia yake kama mahari. Basi nimekaa niandike yote mara moja. Someni, kisha mniache ninunue makaa yangu kwa amani.

Katuba, mlangoni kwa Mama Bupe

Mnanijua. Mimi ni yule ambaye mnamcheka kwa kubeba pampu mbili. Nafundisha jiografia, nimezaliwa Katuba na wazazi waliokuja Lubumbashi kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, na katika maisha yangu sijawahi kupanda baiskeli ya milimani bila glavu, miwani ya vumbi, filimbi, dawa za jeraha na kofia ngumu, ile ambayo wote tunaiita casque. Mwape mnamjua pia. Yeye ni mtu wa huku huku, ukoo wake ulikuwa hapa kabla mgodi wa kwanza haujachimbwa, na hupanda baiskeli kama mtu aliyeitwa kula.

Ila hamjui vizuri jinsi mwaka jana ulivyokuwa. Alipoanguka kwenye mawe na kulala hospitali bila kumtambua mtu, mimi ndiye niliyekaa na mke wake, Mama Bupe, kwenye benchi la nje. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini daktari alimwita mke pembeni akamwambia kwamba kichwa kile hakitavumilia pigo la pili.

Kwa hiyo Mwape alipotaka twende Kasenga kwa baiskeli, hadi tuone mto Luapula, Bupe hakusema ndiyo wala hapana kwa muda mrefu. Alikwenda mjini, akanunua casque mpya, nyekundu, ya gharama. Asubuhi ya safari, baridi ya kiangazi ikituuma masikio, alisimama mlangoni na kunitazama mimi, hakumtazama mumewe.

"Ngoy, sikia. Minakupatia bwana yangu na kichwa yake. Umurudishe na byote."

"Nitamurudisha, mama."

"Ile casque isitoke ku kichwa. Hata akilala."

"Hata ku kulala?" Mwape akacheka.

"Hata ku kulala!" Bupe hakucheka.

Mwape akaivaa, akapandisha kola ya koti hadi kidevuni kwa sababu ya baridi, tukaondoka. Niliona kofia iko kichwani, nikaridhika. Kumbukeni ile kola.

Annexe, njia za watu wa makaa

Barabara kubwa ya Kasenga ina malori, na lori halina rafiki. Ndiyo maana tulipofika Annexe, penye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa na nyumba za matofali zisizo na mapaa, tuliacha lami tukaingia njia za porini ambazo watu wa makaa huzitumia kuja mjini.

Tulipishana nao asubuhi nzima. Kila mmoja anasukuma baiskeli ya zamani yenye magunia yaliyompita kimo, na kwenye mteremko anazuia gurudumu kwa kipande cha tairi alichofunga chini ya kiatu. Nilikuwa na breki za mafuta mbele na nyuma, na bado nilishuka polepole kuliko wao. Mmoja alinipisha na kuniuliza kwa adabu sana kama nimeumia.

Nilipata pancha mara tu tulipoanza kufurahi. Mwiba. Nikafungua mkoba, nikatoa vyombo vyangu, nikavipanga juu ya kitambaa, huku Mwape akila karanga zetu zote. Kumbe pampu ya kwanza ilikuwa mbovu. Nikatoa ya pili, nikamtazama mpaka akaangalia pembeni. Nawaomba na ninyi mwangalie pembeni.

Baada ya hapo palikuwa na korongo lenye mawe, na Mwape akalishuka kwa kasi, mikono imelegea kidogo, magoti yamekunjwa, kama zamani kabla ya ajali. Nilisimama juu nikamtazama. Niseme wazi, machozi yalinitoka. Nilifikiri tumempata tena mtu wetu.

Kijiji cha Mama Chola

Siku iliyofuata tulifika kijiji kimoja kidogo kando ya njia, mbele ya Minga. Kabla ya kijiji kuna mteremko mfupi wenye matuta, na chini yake wanawake wanauza viazi vitamu, kinywaji cha mahindi tunachokiita munkoyo, na kikanda cha mizizi na karanga kilichokatwa vipande. Tuliteremka, tukasimama, tukaegemeza baiskeli kwenye kichuguu.

Mama mmoja mnene, kitenge chake cha kijani, aliinuka kutoka nyuma ya viazi vyake. Watu wote walimwita Mama Chola. Alitupatia munkoyo kwanza kabla ya kuuliza chochote, na ulikuwa mtamu, wa siku ile ile.

"Batoto ba nani, benye kutoka mu vumbi hivi?"

"Tunatoka Lubumbashi, mama. Tunaenda Kasenga," nikasema.

"Lubumbashi haina clan. Muko ba clan gani?"

Mimi nikajibu kwamba mimi ni Muluba wa Katuba, na hilo halikumvutia. Mwape akafuta mdomo, akasema, "Miye, mama, mwina Mbushi." Maana yake, mtu wa ukoo wa mbuzi.

Mama Chola akapiga kofi moja kubwa.

"Aba! Mbuzi! Bantu, mukuye muone, mbuzi inavaa casque!" Akamsogelea Mwape, akanyoosha mkono, akaiondoa ile kofia kichwani kwake kwa vidole viwili, akaivaa mwenyewe juu ya kilemba. "Miye niko mwina Ngo. Chui. Chui haombaka."

Kisha akarudi kukaa kwenye viazi vyake.

Mwape alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilimwona Bupe mlangoni, nikaona lile benchi la hospitali. Nikasema, "Mama, rudisha." Hakurudisha. Nikatoa noti, nikamwambia nainunua. Akaangalia noti kama majani ya mahindi.

"Munungwe hauzishaka. Beba franka yako."

Hapo hasira ikanipanda, na hasira ni hasara. Nikapaza sauti: "Mwizi!"

Mnajua neno hilo linavyofanya kazi kwetu. Vijana wawili waliokuwa wakichoma makaa ng'ambo ya njia walikuja mbio na fimbo, na nyuma yao wengine. Mwape alinishika bega kwa nguvu, mara ya kwanza katika urafiki wetu.

"Nyamaza, Ngoy! Ule hakuiba. Ule njo munungwe yangu!" Akawageukia wale wenye fimbo, akawaambia mimi ni Muluba wa mjini, sijui kitu, wanisamehe. Na mwenye kuwatuliza hasa alikuwa Mama Chola mwenyewe. Aliinua mikono, casque nyekundu kichwani, akasema, "Mwizi njo miye! Mukuye munipige!" Wakacheka mpaka fimbo zikashuka.

Niwaeleze kama Mwape alivyonieleza. Kwao, ukoo wa chui na ukoo wa mbuzi ni watani, banungwe. Chui anaweza kumtukana mbuzi, kuchukua kitu chake, kumkalia kitini, na mbuzi akikasirika anaaibisha ukoo wake wote. Naye mbuzi ana haki hiyo hiyo. Kitu kilichochukuliwa kitarudi siku mwenye kukichukua atakapotaka. Kuomba hakusaidii, na kulipa ni tusi.

"Na kama hataki?" nikauliza.

"Basi ni yake."

"Na kichwa chako?"

Mwape aliaga vizuri, akamtukana Mama Chola kidogo kama inavyotakiwa, akaanza kusukuma baiskeli yake kwa miguu.

Kwa miguu kwenye miteremko

Nilimpa casque yangu. Haikuingia. Mwape ana kichwa kikubwa, na kofia yangu ilikaa juu ya utosi wake ikayumba. Nikaitoa mwenyewe kabla hajasema lolote.

Tukakubaliana hivi: kwenye tambarare apande polepole, kwenye mteremko wowote, hata wa kumchekesha mtoto, ashuke na kusukuma. Alikubali haraka mno kwa mtu kama yeye. Nilidhani ni aibu.

Bonde la Luapula linaanza kwa miteremko mirefu, vumbi jekundu na mawe yaliyojificha ndani ya vumbi. Nilikuwa nateremka, nasimama kivulini, nasubiri. Watu wa makaa walimpita Mwape wakimpa pole. Mama mmoja alimwuliza kama baiskeli ile nzuri imekufa.

Ilikuwa katika kungoja hivyo, chini ya mteremko mrefu kuliko yote, ndipo nilipoona jasho linaniwasha kichwani nikataka kuvua casque yangu. Glavu zikanizuia. Kile kifungo cha chini ya kidevu ni lazima ukibane pande mbili kwa vidole, na kwa glavu hakikubali. Nikavua glavu moja, nikavua ya pili, nikahangaika, kikaachia.

Nikabaki na kofia mkononi. Mama Chola aliivua ya Mwape kwa vidole viwili tu, kama kifuniko cha chungu.

Mwape alipofika, nikamwuliza. "Ile mukanda ya casque yako, ulikuwa unaifunga?"

Aliegemeza baiskeli. Alichukua muda mrefu kuiegemeza.

"Kifungo ilivunjika," akasema. "Siku ya kufunga mizigo. Niliikanyaga."

"Na kola?"

"Nilikuwa naingiza mukanda mu kola. Usione."

"Juu ya nini haukusema?"

"Bupe angekatala. Ngoy, mwaka muzima nilikaa mu kiti. Mwaka muzima! Bantu banakuya kuniangalia kama maiti yenye kukula. Ningesema, angekatala, na angekuwa na haki."

Nilitaka kumtukana lakini mimi si mtani wake. Nililiona lile korongo la Annexe, mawe yale, mimi nimesimama juu nalia kwa furaha, na kofia nyekundu inakaa kichwani kwa uzito wake tu. Nikakaa chini kwenye vumbi, na yeye akakaa. Kisha nikamgawia viazi vitamu, kwa sababu hata ukiwa na hasira na mtu njaa yake ni ile ile.

Kasenga

Mto Luapula ni mpana na mtulivu, na ng'ambo ni Zambia. Tulikula samaki wabichi wa kuchemsha na bukari, ugali wa mahindi meupe, kwenye kibanda cha mama aliyetuangalia sana kabla ya kutuhudumia. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kama tumekuja kupima ardhi. Kwa sababu gani, mama? Kwa sababu ya casque yangu na fulana yangu ya kung'aa. Kule, watu wenye kuvaa hivyo huja na kampuni, wanapiga vigingi, na baada ya vigingi shamba linahama. Nikavua fulana, nikamwapia kwamba mimi ni mwalimu na kwamba sina kigingi hata kimoja. Akaongeza samaki.

Tulitafuta kofia sokoni. Palikuwa na moja ya mgodini, ya njano, haina mkanda. Mwape akaigeuza, akaniangalia. Kofia isiyofungika tayari tulikuwa tumesafiri nayo vya kutosha. Tukaiacha.

Jioni, kando ya mto, Mwape alisema jambo ambalo sitalisahau. Alisema kwamba alipokuwa juu ya baiskeli kwenye lile korongo, kwa mara ya kwanza tangu ajali hakujisikia mgonjwa, na kwamba hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu alijua kofia haikufungwa na bado hakupunguza mwendo. "Nilikuwa nataka kuishi," akasema, "mais sikufanya kama muntu mwenye kutaka kuishi."

Nilimwambia tulale.

Kurudi kwa chui

Kupanda kurudi ni jasho tu, hakuna hatari. Tulifika kijijini kwa Mama Chola tukiwa wekundu kwa vumbi mpaka kope.

Alikuwa pale pale, nyuma ya viazi. Kichwani casque ya Mwape, na safari hii imefungwa chini ya kidevu, imekaa imara. Alipotuona alikunja uso.

"Mbuzi yangu imerudi. Inatembea ku miguu?"

"Inatembea, mama," Mwape akasema.

"Muzuri." Akatutazama mmoja mmoja, kisha akanionyesha kidole mimi. "We, Muluba, ulilia mwizi. Sasa sikia. Nilikaa hapa, nikaona huyu anashuka ile mulima, na casque inaruka-ruka ku kichwa kama kifuniko ya nyungu yenye kuchemka. Nikasema, hii mbuzi iko nataka kufa mbele yangu. Ningemwambia, angenisikia?"

Mwape akatazama chini. "Hapana, mama."

"Hapana. Donc nilichukua."

Akafungua kofia. Kumbe fundi viatu wa pale alikuwa amekata kifungo cha mkoba wa shule uliochakaa, akakishona kwenye mkanda kwa uzi mweusi wa viatu, mara mbili, mara tatu. Kilikuwa kifungo kile kile cha kubana pande mbili, kikubwa kidogo, rangi ya bluu.

Mwape akanyoosha mkono. Akapigwa kofi mkononi.

"Lia kwanza."

"Mama?"

"Mbuzi inalia namna gani? Lia!"

Soko lote likasogea. Mwape, baba wa watoto wanne, mtu aliyevaa suruali ya kubana ya baiskeli, akavuta pumzi akalia kama mbuzi. Mama Chola akatikisa kichwa. "Mbuzi ya Lubumbashi haina sauti? Tena!" Akalia tena, kwa nguvu, na mbuzi wa kweli nyuma ya nyumba akamjibu. Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Nami nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nilikuwa sijacheka tangu ule mteremko mrefu.

Ndipo alipomvisha. Alikifunga kile kifungo mwenyewe, akauvuta mkanda, kisha akashika kofia kwa mikono miwili akakitikisa kichwa cha Mwape kushoto na kulia kama anachagua tikiti. Haikusogea. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini.

"Unajua kazi yetu sisi banungwe. Ukikufa, bandugu yako balie tu, beko na machozi. Mwenye kuchimba kaburi ni miye na bantu yangu. Na udongo ya hapa mu kiangazi iko nguvu. Usinipatie kazi."

Mwape aliinama, akapiga makofi polepole kwa heshima kama wanavyofanya kwao.

Mimi niliomba radhi kwa lile neno. Mama Chola akanipa kiazi cha moto akasema Baluba hukasirika haraka kwa sababu hawana chui wa kuwafundisha. Nilikipokea kiazi na tusi. Kabla hatujaondoka aliandika namba yake ya simu kwa makaa kwenye glavu yangu.

Katuba tena

Tuliingia mjini mchana kupitia Annexe, na kwenye kila mteremko Mwape aliteremka akiwa juu ya baiskeli yake, taratibu, vidole juu ya breki, na mimi kando yake nikitazama kidevu badala ya kola.

Bupe alikuwa mlangoni. Hakutusalimia. Alimwendea mumewe moja kwa moja, akaishika casque, na macho yake yakaangukia kile kifungo cha bluu na ule uzi mweusi. Akauvuta mkanda. Ulikuwa imara.

"Hii nilinunua haikuwa vile," akasema. "Nani alishona?"

Mwape akamweleza yote, amesimama pale pale, kofia kichwani. Kuikanyaga, kola, korongo, chui, kulia kama mbuzi. Hakuacha kitu. Bupe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Na we, Ngoy? Miwani, filimbi, pompe mbili. Kifungo moja haukuona?"

"Sikuona, mama."

Bupe akaomba namba ya Mama Chola. Nikampa glavu. Akapiga, akaweka simu sauti ya juu, mkono mwingine bado umeshika mkanda wa kofia ya mumewe. Ililia kwa muda. Kisha tukasikia kuku, watu wa soko, na ile sauti.

"Allô? Ni nani?"

"Ni bibi ya Mwape, mama. Ule mwina Mbushi."

"Mbuzi yangu ilifika?"

"Ilifika."

"Na kichwa?"

Bupe alimtazama mumewe, akauvuta mkanda tena.

"Iko, mama. Kichwa iko."

"Bon," akasema Mama Chola. "Basi sichimbi."